Karatasi ya Ukoo wa Hosea

Mama yangu Rahabu analima alizeti hapa Ihanja, katika shamba la baba yake Hosea, na hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kusema. Alipougua kisukari, majirani walisema karogwa. Eti mbona kaka zake, watoto wa marehemu Hosea, wote ni wazima kama ng'ombe wa mnadani? Maneno yale yananiudhi mpaka leo.

Mwaka jana watafiti walikuja kutafuta familia zenye kisukari, wapime damu na kuona ni vinasaba gani vinavyourithisha ugonjwa huo. Kijana wao mmoja, Calist, alikaa sebuleni kwetu akachora ukoo: miraba ya wanaume, maduara ya wanawake, na kila mgonjwa anapakwa wino. Aliyekuwa akitaja majina ni mjomba Mughwai, kaka mkubwa wa mama, naye aliitaja nyumba ya Hosea tu. Kwenye karatasi nzima, duara la mama lilikuwa jeusi peke yake.

"Samahani, mama," Calist alisema. "Tunachukua familia zenye wagonjwa wawili au zaidi. Kwenu ugonjwa hauonekani kuwa wa kurithi." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Nilimwona mama akimtazama mjomba. Sisi wote wa familia mle ndani tulijua kilichofichwa. Hosea alifariki miaka mitatu kabla mama hajazaliwa. Bibi alirithiwa na shemeji yake, Joshua, na kwa mila zetu mtoto wa namna hiyo huitwa wa marehemu. Joshua naye alikatwa mguu kwa kisukari, akafa.

"Mwanangu, subiri," mama alimwambia Calist.

"Rahabu!" Mjomba alisimama. "Ukimkana baba leo, na shamba lake umelikana!"

"Kaka, kaa chini. Mimi nimeitwa mrogwa nikanyamaza. Na wanangu nao waitwe hivyo?" Akamgeukia Calist. "Aliyenizaa ni Joshua. Alikuwa na sukari. Binti yake Evodia yuko Utemini, anajichoma sindano kila siku. Wapake wino wote."

Mjomba alitoka nje bila kuaga. Calist aliishika kalamu, akauliza kwa upole, "Sasa, mama, kwenye nafasi ya baba niandike nani?"

"Andika wote wawili," mama alisema, akikunja mkono wa gauni. "Shamba ni la Hosea, na sitoki. Damu ni ya Joshua. Haya, chukua."