Kiraka cha Fundi

Fundi cherehani huyu hakuogopa kitambaa chochote mpaka joto lilipomwingia mwilini. Hedhi ilishakatika, akadhani amestarehe, kumbe bado. Anapiga pasi, ghafla moto unampanda kifuani hadi utosini, jasho linamchuruzika. Siku jasho lilipodondokea shela jeupe la bibi harusi, akaanza kukataa nguo nyeupe, na nguo nyeupe ndizo zilizompa jina mtaani.

Wifi yake, aliyeshona naye kwenye cherehani ya pili kibandani, alimwambia huo ndio utu uzima, avumilie. Uvumilivu gani huo? Wanaume wangeungua hivyo, wangejengewa hospitali yao. Fundi akaenda zahanati.

Daktari, binti mdogo tu, alimpima damu kwanza. Akamweleza kwamba hedhi ikikoma homoni ya kike hushuka, na lehemu mbaya, yaani kolesteroli, huelekea kupanda. Yake ilikuwa juu kidogo, na mafuta mengine ya damu yalikuwa juu zaidi. Haya ya pili vidonge vya homoni vingeweza kuyazidisha, hivyo homoni angempa kwa kiraka, pamoja na kidonge cha kulinda mfuko wa uzazi. Ila kiraka ni cha joto, si dawa ya lehemu. Hiyo aipunguze kwa kutembea na kuacha vya kukaanga.

"Kiraka unakijua, mama?"

"Mimi tena?" Fundi alicheka, na mengine hakuyasikia.

Wiki zikapita, joto liko palepale. Akanuna: dawa gani hii? Siku moja anabadili nguo nyuma ya pazia, wifi akaona kitu kwenye shimizi.

"Wifi, hiki nini?"

"Kiraka changu cha dawa."

"Umekishona?"

"Ulitaka nikibane na pini? Hakitoki hata ukifua."

Wifi aliketi sakafuni, akacheka hadi machozi. Ndipo akamsomea karatasi ya dawa: kinabandikwa kwenye ngozi.

Daktari naye alicheka, akaomba radhi kwa kutomwonyesha, akampa vingine. Hivi akavibandika chini ya kitovu. Taratibu joto likalegea. Damu ilipopimwa tena, lehemu mbaya imeshuka kidogo, mafuta yale mengine hayakupanda. Kiraka au matembezi? Daktari alisema huenda vyote.

Fundi alirudi kwa miguu, akapokea shela jeupe, akawasha pasi. Paji la uso kavu.

"Fundi wa viraka," wifi akamchokoza, "hilo usilibandike tumboni."