Ngendo na Karatasi ya Zamu

Dada yangu Ngendo hajui kupita mtu anayefanya kazi bila kumsaidia. Tangu tukiwa wasichana kule Ruiru, akimaliza kupalilia mistari yake anahamia ya jirani bila kuitwa, na akimaliza ya jirani anauliza, "Sasa tunaenda kwa nani?" Ndiyo ngwatio yetu: leo wanawake wote kwangu, kesho wote kwako. Wakati wa hali ya hatari, tulipokusanywa kijijini kwa nguvu, nyumba zetu zilisimama hivyo, maana wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, hawakuwapo wa kupanda juu ya paa.

Basi mwaka wa 1958, kanisa lilipopata nafasi ya kumpeleka mwanamke mmoja Uingereza, chuo cha kufundisha wamishonari, hakuna aliyeuliza nani aende. Akimaliza mwaka angerudi kuwa mwinjilisti, mwanamke wa kwanza kwetu kupewa kazi hiyo. Lakini miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Asiyefaa hurudishwa kwao.

Nilimsindikiza Thika kununua koti dukani kwa Vallabhdas. "Huko baridi iko mbaya sana, mama," akasema mzee yule, akatoa koti zito linalofika vifundoni. Ngendo alilivaa papo hapo, jua la saa saba, akatembea nalo mpaka stesheni jasho likimtiririka. Nilimcheka, na wivu pia nilikuwa nao.

Barua zake zilijaa furaha. "Idah, hapa wazungu wanapiga deki wenyewe. Nimeona kwa macho yangu binti wa daktari amepiga magoti anasugua choo." Nyingine: "Asubuhi tunanyamaza saa nzima kumsikiliza Mungu, nami tumbo langu ndilo linaloomba kwa sauti." Niliwasomea akina mama kanisani, wakadai nirudie ile ya choo.

Alitaja juu juu kwamba ukutani kuna karatasi ya zamu, kila mtu na kazi yake. Zamu yake ilikuwa kufagia ngazi. Akimaliza ngazi anaenda kumenya viazi na wa jikoni, kisha anabeba makaa ya mawe na wa makaa. "Wananishukuru," aliandika, "lakini hawatabasamu." Hapo nikaanza kuogopa.

Miezi ile mitatu ilipoisha, mchungaji wetu, Bedan, akapokea barua ya mama mkuu wa chuo. Alituita, akaisoma uso umemshuka. "Ngendo ni mchangamfu na mcha Mungu. Ila ameshindwa kuzoea utaratibu wetu. Tumemwonya mara mbili. Huingilia kazi za wenzake, na hajui kazi yake inaishia wapi. Kabla hatujaamua kumrudisha, tungependa kusikia kanisa lake linasemaje."

Kisha mama Warigia, ambaye Ngendo alimwezekea nyumba mvua ikinyesha, akapiga vigelegele vitano, kama tunavyopiga akizaliwa mtoto wa kiume. Sote tukamfuata.

"Akina mama, haya ni mashtaka," akasema Bedan.

"Mashtaka gani, mchungaji? Si wamemsifu? Waandikie ati hata sisi tunamjua hivyo, na ndiyo maana tulimtuma," akasema Warigia.

Bedan akachukua kalamu, akaandika maneno hayo hayo. Barua niliipeleka posta mwenyewe. Sikumwamini mtu mwingine.

Jibu lilichukua wiki tano, na wiki hizo zote sikulala vizuri.

"Idah, nimebaki. Mama mkuu aliisoma barua yenu mbele ya wote, kisha akaibandua karatasi ya zamu kwa Jumamosi moja, ya kujaribu tu. Tulishuka bustanini sote kumi na wanane kupanda viazi, na yeye na buti zake za mpira mwisho wa mstari. Kusema kweli jembe halijui. Tulipomaliza akaliegemea, matope mpaka kwenye miwani. Sikumfundisha mimi, Idah. Alinitazama tu, akauliza: sasa tunaenda kwa nani?"