Pumzi Moja Kwa Kila Jicho

Katika karakana ile ya wanasesere, watu walikuwa wamepoteza majina yao ya nyumbani siku nyingi. Aliyejaza pamba aliitwa Bwana Tumbo, naye alikuwa mwembamba kama uzi. Aliyeshona masikio aliitwa Mama Masikio, na kweli hakuna umbeya uliompita. Na yule aliyekaa dirishani penye mwanga mzuri, mama mtu mzima mwenye kidole gumba kilichosuguliwa na sindano mpaka kikawa kigumu, alikuwa Mama Macho. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, angeendelea na kazi bila hata kugeuka.

Kazi yake ilikuwa kuwafumbua macho sungura. Hivyo ndivyo alivyoisema mwenyewe, na wala hakuwa anatania. Sungura wa kitambaa walimfikia wakiwa na kila kitu, masikio, tumbo na mkia, ila bado wamelala. Alichukua jicho jeusi la plastiki, akalipulizia "haa" ya mdomo wazi kama mtu anayesafisha miwani, akalisugua kwenye aproni mpaka likameta, ndipo akalishona mahali pake kwa uzi. Alifundishwa hivyo na mama yake mdogo, aliyekalia kiti hichohicho kabla yake. "Mpe pumzi kwanza," mama mdogo alikuwa akisema. "Usimpelekee mtoto wa watu kitu kilichokufa." Wenzake walimcheka, lakini mteja akisimama mbele ya rafu dukani, mkono wake ulikwenda kwa sungura wa Mama Macho. Wengine walikaa tu pale. Wake walikuwa wanakutazama.

Mchana, joto likizidi na nyuzi za pamba zikielea kwenye mwanga wa dirisha, alifanya kazi nusu yuko pale, nusu ameshaondoka. Aliwafuata sungura wake huko walikokwenda. Aliingia vyumba asivyovijua, akaona pazia likipumua polepole, akaona mkono mdogo umelala juu ya sikio la kitambaa. Alitabasamu peke yake, na Mama Masikio akamgonga kwa kiwiko.

"Shoga, rudi. Leo umefika wapi?"

"Kuna mtoto alikuwa hataki kulala. Sasa amelala."

"Haya, na sisi huku mshahara haujalala. Shona."

Kisha wakaletewa gundi. Uzi unachelewesha, alisema msimamizi, mwanamume mtaratibu aliyevaa shati lilelile la buluu siku zote, mtu wa kusema neno moja na kuondoka. Tone la gundi, bandika, bonyeza, weka pembeni. Mama Macho alinuna siku mbili tatu, halafu akazoea. Uzi aliuacha. Pumzi hakuiacha.

Mmoja wa sungura wake wa kwanza wa gundi alimnunulia mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Mtoto huyo walimwita Kijino, kwa sababu aliota jino moja na kwa muda mrefu akatembea nalo hilohilo kama mtu aliyeridhika. Mama Macho alimpakata, akapuliza macho ya sungura, haa, akayasugua kwa pindo la gauni. Kijino akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Kutoka siku ile hakulala bila sungura.

Tangazo lilipotoka, lilitoka kila mahali kwa pamoja, redioni na kwenye milango ya maduka. Sungura wenye macho ya gundi warudishwe. Mtoto mmoja alikutwa na jicho mdomoni, akawahiwa. Binti yake Mama Macho alipiga simu jioni hiyohiyo.

"Mama, nasikia sungura wanarudishwa. Wa Kijino vipi?"

"Wa Kijino nilimbandika kwa mkono wangu mwenyewe," Mama Macho alijibu, na sauti yake ilikuwa na kidevu juu. "Hayo ni mambo ya zamu ya pili, wanaofanya kazi kama wanafukuzwa. Mwache mtoto alale na sungura wake."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, mimi ndiye nisiyejua macho?"

Magunia yakaanza kurudi. Bwana Tumbo aliyamwaga sakafuni na karakana nzima ikajaa harufu za nyumba za watu, sabuni, maziwa, mafuta ya nywele. Sungura walikuwa wamechakaa kwa kupendwa. Mmoja alikuwa na bendeji mguuni. Wengi walikuwa na jicho moja, wengine hawana hata moja, na Mama Macho aliwatazama kwa huruma ya mtu asiyehusika.

Msimamizi alikuja mezani kwake na kikopo chembamba kisichozidi kimo cha kidole.

"Hiki ni kipimo cha koo la mtoto mdogo," alisema. "Kitu kikizama chote humu, kinaweza kumziba."

Mama Macho alidondosha jicho moja ndani. Halikugusa hata ukingo. Likazama, likatoa kisauti kidogo chini.

Kisha msimamizi akachukua sungura wa zamu ya pili, akavuta jicho kwa nguvu. Likang'ang'ania. Akachukua aliyetengenezwa na Mama Macho asubuhi ya siku iliyotangulia, akavuta. Jicho likatoka kama ganda la kidonda lililoiva.

"Hebu fanya kazi, mama. Kama kawaida yako."

Alifanya. Alichukua jicho, haa, akasugua, akaweka gundi, akabonyeza.

"Rudia."

Haa. Mashine ya Mama Masikio ikanyamaza. Msimamizi hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema taratibu, kama anayemwamsha mtu, "Mama, gundi hii haitaki unyevu. Ni hiyo pumzi."

Mama Macho alitazama mikono yake. Tangu gundi iletwe! Kumbe upole wake wenyewe ndio uliokuwa ukiyalegeza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na jambo kubwa kuliko aibu. Kijino alikuwa amelala na sungura yule, na aliyesema aachwe naye ni yeye.

Simu ya binti yake iliita mpaka ikachoka. Saa ya mtoto kulala mchana, binti huifunika simu chini ya mto isije ikamwamsha. Mama Macho alitoka na aproni yake, na nyuzi za pamba nyweleni.

Njia aliijua kama kiganja chake, ila siku ile ilikuwa njia nyingine. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati na mitaa ilikuwa kimya. Kila alichokiona kilikuwa kidogo na cha mviringo. Vifungo vya shati la mwanamume aliyesinzia mlangoni. Kokoto. Shanga shingoni mwa msichana aliyepita. Vyote vilimtazama, na vyote, aliona, vingezama kwenye kikopo. Alitaka kukimbia na miguu ikawa inakwenda kama ndani ya maji. Alijisikia akisema kwa sauti, "Subiri bibi, subiri," na hakujua anamwambia nani.

Binti yake alikuwa uani anaanika nguo.

"Shikamoo mama. Vipi, mbona unahema?"

Mama Macho hakuitikia marahaba.

"Mtoto?"

"Amelala. Mama, kuna nini?"

Chumbani pazia lilikuwa linapumua polepole, kama alivyoliona mara nyingi akiwa dirishani kwake. Sungura alikuwa amelala chali upande wa miguuni wa kitanda. Upande mmoja alimtazama. Upande mwingine palikuwa na doa la gundi kavu tu.

Kijino alikuwa ameamka. Alikaa katikati ya shuka, nywele zimesimama upande mmoja, ngumi imefungwa. Alimwona bibi yake, akafurahi, akafungua ngumi, na jicho lilikuwepo katikati ya kiganja. Akalipeleka mdomoni.

Mama Macho, bado yuko mlangoni, alinyoosha mikono yote miwili. Nyuma yake kapu la nguo lilimponyoka binti.

Mkono wa Kijino ulisimama mbele ya midomo. Akaachama, jino lake likaonekana.

"Haa," akalipulizia jicho.

Kisha akalisugua kwenye tumbo lake, kwa bidii kabisa, akamnyooshea bibi alibandike.

Mama Macho alilichukua. Alipiga magoti pale kitandani akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti, na binti yake akakaa chini sakafuni karibu nao.

"Nilikwambia umwache naye," Mama Macho alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia. Na macho ni ya mkono wangu."

"Ndiyo mama." Binti alikuwa ameushika mguu wa mtoto kama vile ungeweza kuondoka.

Baadaye Mama Macho aling'oa na jicho la pili, likatoka bila ubishi, akayafunga yote mawili kwenye kitambaa, akakitia kifuani. Aliomba sindano na uzi mweusi. Alidarizi macho kwenye kitambaa chenyewe, mshono juu ya mshono, na kila alipomaliza mmoja aliuvuta kwa meno. Kijino alikaa pajani akingoja, kidole kikifuata uzi.

Macho yalipokamilika, mtoto aliinama akayapulizia. Haa. Akainua uso, akamgeuzia bibi sungura, akasubiri zamu yake.

Mama Macho aliachama. Pumzi ikamkwama. Mtoto akasubiri tu, mkono umenyooka, hana haraka na mtu, mpaka bibi yake alipoweza.