Likizo ya Kumgombania Mama

Mama alinuka nyumba ya watu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka kuhusu Uingereza, kabla ya baridi, kabla hata ya ule uwanja wa ndege uliojaa vioo na watu wenye haraka. Alinikumbatia, akanibana uso kwenye sweta yake ya kijivu, nami nikavuta pumzi nikiitafuta harufu ya leso aliyoniachia kwetu Kiamunyi, Nakuru, ile niliyokuwa nikilala nimeikumbatia: mafuta ya kujipaka, moshi kidogo na vitunguu. Sikuipata. Nilipata sabuni ya lavenda, mkate uliokaushwa kwa moto na manyoya ya paka. Nilikuwa na miaka kumi. Aliondoka nikiwa darasa la kwanza, akaniacha na Shosho, mama yake, na sasa shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Agosti nikaletwa kumtembelea. Hapo hapo, kabla hata hajaniachilia, nilijua kuna mtu mwingine anayekaa karibu naye kuliko mimi.

Mtu huyo aliitwa Dorothy. Alikuwa mjane wa zaidi ya miaka themanini, nywele zake nyeupe laini kama pamba, macho yake ya buluu yakitangatanga ukutani kama anayetafuta saa. Akili yake ilikuwa imeanza kumpotea. Mama aliajiriwa kumtunza mchana na usiku, kwa hiyo aliishi humo humo ndani, katika chumba kidogo juu ya jikoni, nami nikalazwa naye kitanda kimoja. Asubuhi ya kwanza nilipoamka upande wake ulikuwa umeshapoa. Nilimkuta chini, amepiga magoti mbele ya Dorothy, amemweka miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, anamsugua visigino polepole huku akimwimbia wimbo wa kanisani wa Kikuyu. Ulikuwa wimbo wangu. Alikuwa akiniimbia akinisuka. Dorothy hakujua neno hata moja, lakini aliufuata kwa kuguna, bila kukosea hata kidogo.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Ulikuwa mji mdogo wa soko, wa tangu enzi za wafalme, nyumba zake za mawe ya rangi ya asali zimeegemeana kama watu waliochoka. Katikati palikuwa na uwanja uliotandikwa mawe, na kila Jumamosi wafanyabiashara walipiga mahema ya mistari wakauza jibini, mikate, asali na sufu. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa soko la kimya. Kwetu Nakuru ukipita sokoni unaitwa mpaka unageuka: "Mathe, kuja! Customer, viazi hizi hapa!" Kule mtu alisimama nyuma ya bidhaa zake akingoja usalimie kwanza. Ng'ambo ya mto, uliovukwa kwa daraja la upinde, palikuwa na vilima vya kijani vilivyokatwakatwa kwa kuta za mawe yasiyo na saruji. Kondoo walikuwa wametapakaa huko, na juu kabisa yalisimama magofu ya ngome. Nilimwomba Mama anipeleke kwenye ile ngome siku ile ile ya kwanza.

"Tutaenda, mami," alisema. "Dorothy akiwa na siku nzuri."

Siku nzuri za Dorothy hazikuwa zetu. Akiwa mzima, alitaka kutoka, na Mama alimtoa kwa kiti cha magurudumu. Jumamosi ya kwanza tulienda sokoni hivyo: Dorothy mbele, amefunikwa blanketi magotini, Mama nyuma yake akisukuma, mimi nyuma ya Mama. Magurudumu yaligonga mawe, kiti kikayumba, na mikono yote miwili ya Mama ikawa imeshika kiti. Nilijaribu kushika kiwiko chake, lakini kila alipokunja kona kilinitoroka. Kwenye meza moja niliona maua ya waridi, mekundu, yamefungwa kwa karatasi, na kwenye karatasi pameandikwa kwamba yametoka Kenya. Nilisimama. Mama naye aliyaona, akacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka.

"Ona, Dorothy! Haya ni ya kwetu. Ya Naivasha, karibu na nyumbani."

Akanunua shada moja, akalilaza magotini pa Dorothy. Mimi nilikuwa nimetoka kule kule yalikotoka yale maua, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

Agosti ikaendelea kuisha. Jua la kule lilikataa kutua, jioni ikawa ndefu kupita kiasi, nami niliketi dirishani nikiitazama ngome huku nikimsikia Mama akimbembeleza mtu mzima ale supu. Nilianza kuhesabu anayofanyiwa. Akimkata Dorothy kucha, nilileta zangu. Akimfunga vifungo, nilivifungua vyangu. Nilikohoa kwa makusudi. Mama alinipaka dawa kifuani, akanibusu paji la uso, halafu kengele ndogo ya mezani kwa Dorothy ikalia, akaenda.

Siku moja alasiri alivuka uwanja kwenda duka la dawa, akaniachia Dorothy aliyekuwa amesinzia kwenye kiti chake. Sweta ya Mama ya kijivu ilikuwa imetundikwa mgongoni pa kile kiti. Dorothy aliamka, akatazama huku na huku, uso ukamkunjamana.

"Mama ameenda wapi?" aliuliza kwa Kiingereza chake chembamba.

"Ameenda kununua dawa," nilisema. "Na si mama yako."

"Ni mama yangu."

"Ni mama yangu mimi. Amenizaa. Kwetu ni Nakuru."

"Hunichana nywele."

"Alinichana mimi kwanza!"

Akaivuta sweta kutoka nyuma yake, akaikumbatia. Nami nikashika mkono mmoja wa ile sweta, nikavuta. Alikuwa na nguvu nisizozitarajia. Tulivutana hivyo, mtoto wa miaka kumi na bibi wa themanini na kitu, wote tukilia kwa sauti, mpaka mlango ukafunguka na Mama akasimama pale na mfuko wake wa dawa.

Nilikaza macho kuona atamshika nani kwanza. Alimshika Dorothy. Alimfuta machozi kwa kiganja, akamvika ile sweta mabegani, akamwambia maneno ya polepole mpaka akatulia. Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika bila kuosha chochote. Nikamfuata. Alikuwa akilia ameinamia sinki.

"Nyambura," alisema bila kugeuka, "yule amesahau kila kitu. Wewe unajua mimi ni mama yako hata nikiwa mbali. Yeye nikitoka tu mlangoni anapotea. Ndiyo maana nimeanza na yeye."

"Kwa hivyo ningesahau, ungeanza na mimi?"

Mama alifunga maji, akapangusa mikono kwenye kitambaa, akachukua simu akampigia mtoto wa Dorothy, bwana mpole aliyekuwa akija Jumapili na keki. Nilimsikia akisema, sauti yake haikutetemeka: "Kesho uje ukae na mama yako. Kesho mimi niko na mtoto wangu."

Kesho yake tulipanda kilimani. Bila kile kiti Mama hakujua aiweke wapi mikono yake, ikawa inaning'inia, nami nikaushika mmoja na sikuuachilia hata njia ilipokuwa nyembamba. Tulipita kati ya kondoo waliotutazama bila kusogea. Juu ngomeni upepo ulivuma kama ule wa ukingo wa kreta ya Menengai kwetu, na mji wote ulikuwa chini yetu: mnara wa kanisa, daraja, ule uwanja wa soko ukitoshea kiganjani. Mama alivua viatu.

"Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kufika huku."

Akaniketisha kati ya magoti yake, mgongo wake kwenye ukuta wa mfalme asiyejulikana tena, akanifumua nywele akanisuka upya. Watembeaji wazungu walipita wakatusalimu. Nilifurahi kiasi kwamba niliogopa kuzungumza. Lakini mara mbili vidole vyake vilisimama, na nilipoinua macho nilimkuta akiangalia chini, kwenye paa la ile nyumba.

"Unaangalia nini?"

"Dirisha. Sijui kama mwanawe amemfungia dirisha."

Nilipoaga mwisho wa mwezi, Dorothy alinishika shavu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Grace," nilisema, nikitaja jina la Mama.

"Hata mimi," akasema, akatabasamu.

Mama alirudi nyumbani kabisa miaka mingi baadaye, baada ya Dorothy kufa, na wazee wengine wawili aliowatunza baada yake. Shosho pia alikuwa ameshafariki. Kiamunyi ambako kulikuwa na mahindi sasa kumejaa maghorofa, na Mama anaishi huko na binti yangu, Shiru, wa miaka minne, kwa sababu mimi ni fundi wa umeme kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini kule Naivasha na nyumbani hufika Ijumaa. Nilidhani ule wivu niliumalizia Uingereza. Shiru humwita Mama "mum." Mimi huniita Nyambura, kama wanavyoniita majirani.

Ijumaa iliyopita nilimkuta Shiru akikimbia uani. Aliteleza kwenye changarawe, akaanguka, akapiga kelele: "Mum!" Niliangusha mkoba, nikachutama, nikafungua mikono. Akanipita. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake tayari imeanza kunyooka. Aliniona. Akairudisha, akaificha nyuma ya mgongo wake, na nilijua vile ilivyomgharimu.

"Enda kwa mama yako," alimwambia.

Shiru alisimama katikati yetu akilia, akimtazama yeye, akinitazama mimi. Sikumwita. Niliketi pale pale kwenye changarawe na nguo zangu za kazi, nikangoja. Akasogea kidogo, akasimama mbali kiasi kwamba nisingeweza kumgusa, akainua gauni, akanionyesha goti.