Kamba Nyembamba

Ijumaa mwalimu wa Jografia alituchorea ubaoni treni za milimani ambazo zinavutwa na kamba ya chuma. Mabehewa mawili, kamba moja: hili likishuka, lile linapanda, yanabebana. Zinaitwa funikula, akasema, na jina limetoka Kilatini, maana yake kamba nyembamba. Msichana wa nyuma yangu akasema yeye heri apande mlima wa Iten kwa miguu. Darasa lote likacheka. Mimi nilimfikiria Baba.

Baba huchimba visima. Jumamosi alikuwa na kazi mtaa wa West Indies, yeye na anko, mdogo wake, na kijana mmoja wa kuwasaidia, na mimi ndiye huwapelekea chai. Kamba yao inapita juu ya roda, kile kigurudumu cha juu ya shimo. Baba akishuka upande mmoja, gunia la udongo linapanda upande mwingine, na anko anashikilia isiende mbio. Nimeona hivyo tangu nikiwa mdogo, haijawahi kunisumbua. Siku hiyo, kwa lile somo la Ijumaa, sikutoa macho kwenye kamba.

Wana sheria moja: mtu akiwa kwenye kamba, huku juu hakuna kuongea. Anaongea wa chini tu, ili asikike. Hiyo sheria huwa naipenda. Mimi hata jina langu likiitwa darasani, kuitika ni shida.

Kichwa cha Baba kilikuwa kimepotea gizani nilipoona uzi mmoja wa kamba umesimama kama unywele, karibu na roda. Halafu wa pili. Anko alikuwa anaangalia shimo. Nikafungua mdomo, hakukutoka kitu. Uzi wa tatu.

"Anko, mrudishe. Kamba inakatika."

Sauti ilikuwa ndogo hata nikadhani sijasema. Akageuka na hasira, kisha macho yake yakafuata yangu. Kutoka chini Baba akauliza nani anaongea. Anko na mwenzake wakaanza kuvuta pole pole, na roda ikawa inalia.

Baba akatoka, akaketi kwenye udongo, akapitisha kamba kwenye vidole mpaka akafika pale palipokatika nyuzi. Palikuwa pembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Akaomba chai. Nikaimwaga nje ya kikombe, akajimiminia mwenyewe.

Leo ni Jumatatu. Ameenda tena, na kamba mpya. Mwalimu anafundisha mvua, lakini masikio yangu yako West Indies.