Jezi Namba Tisa Haikutundikwa

Ukitaka kujua nani anacheza Jumamosi katika klabu hii, usiwaulize waandishi wa habari wanaojifanya wanajua kila kitu. Muulize Bi Sabuni, naye hakwambii ng'o. Huyu ni mtunza vifaa, na sasa anakwenda mwaka wa ishirini na mbili. Makocha kumi na wanne wamekuja wakafungishwa virago, na wote walimkuta na kumwacha katika chumba kile kile kirefu chenye mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja yenye visirani, meza ya pasi, na kamba za kuanikia zinazotoka dirishani hadi kwenye bomba la maji.

Klabu ina utaratibu wake, na sijui ulianzishwa na nani. Kikosi hakisomwi kwa mdomo. Saa moja na nusu kabla ya mechi, kocha humpa Bi Sabuni karatasi yenye majina kumi na moja na sahihi yake chini. Bi Sabuni hujifungia peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, hutundika jezi kumi na moja kwenye misumari ya ukuta wa kulia, za wachezaji wa akiba ukuta wa kushoto, kisha hufungua mlango. Wachezaji huingia macho yakiwa ukutani. Jezi ikishatundikwa imetundikwa, hakuna wa kuishusha. Baada ya hapo yeye huenda kukaa mwisho wa benchi na mfuko wake wa jezi za ziada, na hiyo ndiyo starehe yake ya wiki nzima.

Mshambuliaji wa timu, ambaye mji mzima unamwita Tisa kwa namba ya mgongoni, ni mtoto wa mdogo wake Bi Sabuni. Alimlea tangu ana miaka sita, wakati mama yake alipopata kazi mbali. Alimfundisha kufua soksi zake, kumaliza chakula kilicho kwenye sahani na kuamkia watu. Siku hizi Tisa anafunga magoli, uwanja mzima unaimba jina lake, na kichwa kimeanza kuvimba. Nasema hivi kwa sababu Bi Sabuni mwenyewe anasema hivyo, tena mbele yake.

Kocha wa kumi na nne alikuwa yule waliyembandika jina la Mkoloni. Aliyemtangulia alikuwa mpole mno, wachezaji wakamkalia kichwani hata mazoezi ya saa moja na nusu asubuhi yakawa yanaanza saa nne, nahodha akija na chai mkononi. Mkoloni siku ya kwanza alifunga geti saa moja na nusu kamili, akamwacha nahodha nje na chai yake. Kisha akabandika karatasi ukutani. Kila mtu apige brashi njumu zake. Simu zisiingie chumba cha kulia. Anayechelewa au kukosa mazoezi bila taarifa, hachezi mechi inayofuata. Wa kwanza kukumbwa na amri hiyo alikuwa beki wa kushoto, kijana asiyesema sana, ambaye wenzake humwita Kimya. Alichelewa dakika sita kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa, naye hakupiga simu. Akakosa mechi. Wenzake walimpa pole, wakaenda kucheza.

Msidhani Bi Sabuni alimpenda mtu huyo. Alimchukia. Mkoloni aliingia katika chumba chake cha kufulia bila hodi, akahesabu vizibao vya mazoezi, akauliza kwa nini kimoja hakipo. Halafu ikaja Jumamosi ambayo ile mashine yenye visirani iligoma, jezi zikafika zimechelewa dakika saba, kola zikiwa mbichi.

"Mechi ijayo utatundika jezi, kisha hukai benchi," Mkoloni akamwambia. "Utakaa jukwaani."

"Mimi? Mwaka wa ishirini na mbili huu!"

"Saa haijui miaka yako, mama."

Bi Sabuni alitaka kumrushia ndoo. Badala yake akamsogelea karibu kabisa. "Nitakaa jukwaani. Lakini sikiliza, mwalimu. Siku mmoja wa hawa wakubwa wako atakapokosea ukamfumbia macho, nitakuletea jezi zote zikichuruzika maji, uzivalishe timu hivyo hivyo."

"Hiyo ni haki yako," Mkoloni akajibu, akaondoka.

Akakaa jukwaani dakika tisini, katikati ya mashabiki waliokuwa wakimwuliza kulikoni. Ilimuuma, akaimeza. Na kitu alichokimeza Bi Sabuni, wengine wasije wakadhani wao watakitema.

Sasa Tisa akapotea siku tatu. Jumanne hayupo, Jumatano hayupo, Alhamisi hayupo. Alikwenda mji mwingine kupigwa picha za tangazo la viatu, hakumuaga kocha wala mama yake mkubwa. Ijumaa akatokea amevaa miwani nyeusi, anatabasamu. Na Jumamosi ilikuwa mechi kubwa kuliko zote za msimu.

Siku ya mechi Mkoloni alimkabidhi Bi Sabuni karatasi, akaenda uwanjani kuonana na refa. Bi Sabuni aliisoma mara mbili. Jina la Tisa halikuwemo upande wa kulia wala wa kushoto. Tusidanganyane, moyo ulimuuma. Mtoto ni mtoto. Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu jezi pale Tisa mwenyewe alipopiga hodi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Umeiona karatasi?"

"Nimeiona."

"Basi wewe itundike tu yangu. Ikishakaa ukutani Mkoloni ataishushaje? Utaratibu unaujua."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Mama mkubwa, mambo ya kazi yale."

"Na Jumatano?"

Tisa akavua miwani. Macho yalikuwa yale yale ya mtoto wa miaka sita anayetaka kuongezewa sukari, na ndiyo yaliyomkasirisha zaidi Bi Sabuni. "Wenzangu wamesema nisipocheza, hawachezi," akasema. "Wote. Utakuwa umeivunja mechi wewe, si mimi."

Kabla hajajibiwa, mwenyekiti wa klabu akaingia, suti imembana, jasho linamtoka. Alikuwa ameambiwa habari za mgomo. "Bi Sabuni, tusipoteze wakati. Tundika namba tisa."

"Karatasi haisemi hivyo, mwenyekiti."

"Mimi ndiye nasema."

"Sawa." Bi Sabuni akaiweka karatasi juu ya meza ya pasi, akatoa kalamu kwenye nywele zake, akaiweka juu ya karatasi. "Kata jina moja, andika la huyu. Halafu weka sahihi yako hapo chini, ya kocha ilipo. Nami nitatundika sasa hivi."

Mwenyekiti aliitazama kalamu. Alifikiria, na yeyote mwenye macho angeona anafikiria nini. Wakifungwa, karatasi ile ingekuwa na jina lake. Mashabiki wangejua nani alipanga timu. Watu wa namna hii hupenda mambo yatendeke, ila yasiwe na mwenyewe.

"Haina haja ya kuandikiana," akasema. "Wewe tundika tu."

"Weka sahihi."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua, ndiyo maana nimekupa kalamu."

Mwenyekiti akatoka akiwa amenuna. Tisa alibaki mlangoni kidogo. "Kwa hiyo unamchagua mtu baki, mimi unaniacha," akasema.

"Mimi nilikaa jukwaani kwa kuchelewa dakika saba," Bi Sabuni akamjibu. "Wewe una siku tatu. Nipishe."

Akazibeba hadi chumba cha kubadilishia nguo, akatundika jezi kumi na moja, akafungua mlango. Wachezaji wakaingia, wakaona ukuta, wakakaa kwenye viti na nguo zao za nyumbani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tisa aliketi katikati yao amekunja mikono. Nje mashabiki walishaanza kuimba. Bi Sabuni akasimama mlangoni.

"Jezi ndizo hizo. Zimefuliwa, zimepigwa pasi. Anayetaka avae, asiyetaka aniachie viti vyangu."

Wakatazamana. Kisha Kimya akainuka. Nahodha akamshika mkono. "Tulikubaliana, bwana."

"Nilipoachwa mimi, nani aligoma?" Kimya akauliza.

Akautoa mkono wake. Akachukua jezi yake, akaivaa pale pale. Kipa akafuata, kisha wawili kwa pamoja, na mwisho nahodha, domo limemshuka. Tisa peke yake alibaki na nguo zake za nyumbani. Timu ikatoka sare, bao moja kwa moja.

Natamani ningewaambia kwamba Mkoloni alishinda. Hakushinda. Mechi mbili zilizofuata wachezaji wale wale walitembea uwanjani kama watu waliotumwa dukani, wakafungwa zote mbili, na Jumanne mwenyekiti akamfukuza kocha. Kumwondoa mtu mmoja ni kazi nyepesi kuliko kuwabishia ishirini na watano. Mdogo wake Bi Sabuni alipiga simu akilia: "Dada, mwanangu umemdhalilisha mbele ya watu!" Bi Sabuni akamjibu kwamba mwana huyo walimlea wawili, na kama amelegea basi ni juu yake kuikaza nusu yake. Akakata simu, akakaa chini, akalia na yeye. Kisha akaosha uso akaenda kazini.

Alhamisi akaitwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya meza, katibu pembeni na daftari la kikao, Tisa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Yaliyopita tumeyaacha," mwenyekiti akaanza. "Tunataka amani. Wewe umwombe radhi mchezaji wetu, uendelee na kazi yako. Usipotaka, utukabidhi funguo."

"Nitaomba radhi," Bi Sabuni akasema. Mwenyekiti akashusha pumzi. "Ila kwanza nielezwe kosa, na katibu aliandike."

"Kosa unalijua."

"Silijui. Na wewe usiniambie, mwenyekiti, hukukosewa wewe. Aliyekosewa ni huyu. Aseme mwenyewe nilimfanya nini, iandikwe neno kwa neno, nami nitapiga magoti hapa hapa."

Katibu akafungua ukurasa mpya. Tisa akajikohoza. "Andika... jezi yangu haikutundikwa."

Katibu akaandika. "Kwa sababu gani?" akauliza, maana ndivyo vikao vinavyoandikwa.

"Kwa sababu kocha hakunipanga."

"Kwa sababu?"

Tisa akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa ya ukutani. "Kwa sababu sikuja mazoezini," Tisa akasema polepole. "Siku tatu."

Kalamu ya katibu ikasimama. Huko chini mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. Ile sentensi ilikuwa imekaa kwenye daftari, na mtu yeyote angeweza kuisoma. Tisa aliisoma yeye mwenyewe, kichwa chini miguu juu, kutoka pale alipoketi, na uso wake ukabadilika.

"Mama mkubwa," akasema, "yaishe. Usiandike hiyo, katibu. Ifute."

"Asifute," Bi Sabuni akasema. Alikuwa bado amesimama, funguo mkononi. "Mwalimu wa watu amefukuzwa kwa sababu ya sentensi hiyo. Iache hapo hapo. Sasa niambieni, nipige magoti?"

Tisa alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukataa. Mwenyekiti akafunga daftari kwa mkono wake mwenyewe na kusema kikao kimekwisha. Bi Sabuni akazirudisha funguo mfukoni, akashuka ngazi kwenda kuanika.