Makofi Matatu kwenye Bwawa la Fusae

"Miaka thelathini na minne, hajafa koi hata mmoja mikononi mwangu wakati wa baridi!" Mzee Tamotsu alipenda kusema, na mwenye kazi zake nyumbani alijua hapo ndipo pa kuaga. Shule hakuimaliza, lakini ukimgusa kwenye habari za koi, wale samaki wa mabaka mekundu na meupe, angekufundisha mpaka masikio yaote ukungu. Saba aliokuwa nao bwawani nyuma ya nyumba aliwajua kama mtu anavyoyajua meno yake, yaliyobaki na yaliyong'oka.

Kanuni yake haikuwa na maneno mengi. Kilele cha mlima wa ng'ambo kikivaa theluji mara ya kwanza, punguza chakula. Kikivaa mara ya pili, acha kabisa. Mara ya tatu theluji inashuka kijijini, na wakati huo koi awe ametulia chini ya bwawa, tumbo tupu, maana maji yakipoa tumbo lake halisagi kitu. Chakula kinamwozea humo humo.

Mwaka huu kilele kilishavaa mara ya pili, na Bibi Fusae, mkewe, alikuwa bado analisha.

Tangu mwaka juzi Fusae alikuwa anasahau. Alianza na sufuria jikoni, akaja kwenye jina la binti yao aliyeko Osaka, mwisho akamsahau Tamotsu mwenyewe. Akimwona na mabuti yake ya mpira, alimwita fundi. Bwawa tu hakulisahau. Kila asubuhi alijifunga kitambaa kichwani, akachuchumaa kwenye jiwe bapa la ukingoni, akapiga makofi matatu. Koi wote walikuja mbio, midomo wazi, na uso wake ukawa ule ule wa Fusae wa siku ya harusi yao. Tamotsu alijibanza nyuma ya mlango kuutazama, kwa sababu siku nzima haukurudi tena.

Alipoficha mfuko wa chakula juu ya kabati, Fusae alileta wali wake wa asubuhi. Alipomnyang'anya wali, akaja na keki ya maharage iliyowekwa mbele ya picha ya mama mkwe.

"Bibi wee, hicho cha marehemu mama!"

"Marehemu hali, fundi. Hawa ndio wana njaa. Huoni midomo?"

"Walikula jana. Utawaua."

"Jana gani? Nyie mafundi mnachojua ni kungoja chai tu."

Jirani yao Kihachi, aliyekuwa anatundika figili zake chini ya paa zikauke, alicheka mpaka ngazi ikayumba.

"Tamotsu, ulioa mke ukaishia kibarua! Na chai yenyewe hupewi!"

"Nyamaza wewe. Samaki wako walikufa wangapi vile? Si wote?"

"Wangu waliuawa na ujinga wangu. Wako watauawa na mapenzi. Funika bwawa, bwana. Weka mbao, weka mikeka ya majani, basi."

"Nikifunika, atampigia nani makofi?"

Kihachi akarudi kwenye figili zake. Utani wote ulikuwa umemwishia.

Siku ya nne baada ya hapo koi mkubwa kuliko wote, mweupe mwenye doa jekundu kichwani, alielea kiubavu. Fusae alikuwa amemleta akiwa mdogo kama kidole, mwaka binti yao alipoolewa. Kesho yake samaki huyo alikuwa amekufa, tumbo limevimba. Tamotsu alimzika chini ya mti nyuma ya ghala, akiwa na miaka yake thelathini na minne mdomoni na mtu wa kumwambia hakuna. Fusae akaja, akapiga makofi. Walikuja sita.

"Wote wapo," alisema, akawamwagia wali aliouficha kwenye mkono wa kimono.

Mchana huo Tamotsu alifunika bwawa. Alipanga mbao, akatandaza mikeka ya majani juu, akaacha upenyo mmoja tu maji ya chemchemi yaendelee kuingia. Alijua anachofanya. Asipofunika, samaki wataisha na Fusae atapigia makofi maji matupu. Akifunika, ni miezi minne na nusu, na kichwa cha Fusae kilikuwa kinamwaga kitu kila wiki.

Asubuhi Fusae alipiga makofi juu ya mbao.

"Fundi, umewafungia."

"Wamelala, Bibi. Theluji ikiyeyuka wataamka."

"Nani atawaamsha?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Alipiga makofi siku saba. Siku ya nane alisimama kwenye jiwe, akaviangalia viganja vyake, mbele na nyuma, akarudi ndani. Siku ya tisa hakutoka. Usiku wake theluji ikashuka kijijini.

Mwezi wa Aprili, theluji ilipoyeyuka, Tamotsu aliondoa mbao. Sita walikuwepo, wamekonda, wazima. Alimshika Fusae mkono, akamkalisha kwenye jiwe lake, akamfunga kitambaa kichwani yeye mwenyewe.

"Haya Bibi. Piga makofi."

Fusae alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Nimpigie nani?"

Tamotsu akapiga yeye, matatu. Samaki walipanda taratibu, midomo wazi. Fusae akaivuta miguu yake nyuma haraka.

"Fundi! Majini mna vitu!"

Kihachi alichungulia kutoka upande wake. "Sita wazima! Aisee Tamotsu, sasa tutakimbilia wapi na majigambo yako?"

 Tamotsu alimwinua mkewe polepole, akamrudisha ndani asije akaogopa zaidi. Midomo sita ilibaki inafunguka na kufungika, imegeukia lile jiwe.